Bure Kabisa

Kabla sijawa mtu wa kubandika lebo kwenye masanduku katika ghala moja la Hayes, London, nilikuwa mwalimu wa darasa la nane. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani. Mwalimu wa darasa la nane nchini Kenya, enzi zetu, alikula mtihani, akaoga mtihani, akaenda kanisani akauombea mtihani. Nilifundisha Hisabati na Kiswahili kwenye ratiba, lakini ukinibana nitakiri kwamba nilifundisha mitihani. Nilijua swali la riba litajificha wapi. Nilijua mtoto akikwama kwenye swali la saba, yale kumi yanayofuata yameshakwenda na maji. Walimu wa shule jirani walikuja kuniazima karatasi za majaribio, kwa sababu nilikuwa nazo hata za wilaya ambazo sijawahi kuzikanyaga.

Kwa hiyo binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alipotutangazia mezani kwamba anataka kusomea udaktari, na kwamba kabla ya kuomba nafasi lazima afanye mtihani wa kuingilia, mama yake alifumba macho akaomba, na mimi nikakunja mikono ya shati. Miaka kumi na miwili ya lebo na masanduku, na hatimaye kulikuwa na mtihani ndani ya nyumba.

Niliposoma habari za mtihani wenyewe nilikasirika. Hauna silabasi! Ni saa mbili hivi kwenye kompyuta. Unapewa kifungu cha kusoma na sekunde chache za kujibu. Unapewa mafumbo ya mantiki, kisha hesabu za harakaharaka, kisha mwishoni unaulizwa ungefanya nini kama ungekuwa mwanafunzi wa udaktari na umeona mwenzako akifanya hili au lile. Moyo hauulizwi, mapafu hayaulizwi, wala hakuna jina la mfupa hata mmoja. Na hufanywa mara moja tu kwa mwaka. Vyuo hutazama alama hizo kabla havijakutazama wewe, na ukizikosa unakaa nje mwaka mzima ukiwatazama wenzako wakienda.

"Sasa wanapima nini?" nikamwuliza.

"Jinsi unavyofikiri," akanijibu.

Alijibu kwa Kiingereza. Yeye ni mtoto wa hapahapa London. Kiswahili anakisikia, lakini ulimi wake ni wa Kiingereza. Maneno yake mengi nitakayoyaandika hapa nimeyageuza mwenyewe, na yakipungua ladha, kosa ni langu.

Tulikaa mbele ya kompyuta yake mwezi wa saba, shule zikikaribia kufungwa, tuchague mitihani ya kujipimia. Kumbe ni soko zima. Kulikuwa na wauzaji watatu wakubwa, kila mmoja akiapa kwamba wanafunzi wake wamejaa vyuo vikuu. Halafu chini kabisa kulikuwa na mitihani minne iliyowekwa na wenye mtihani wao wenyewe. Minne kamili, bila malipo.

"Tuanze na hizi," binti yangu akasema. "Teacher wetu amesema hizi ndizo zinafanana na zenyewe. Ni official."

"Official, na zinapeanwa bure?"

"Ndiyo."

"Na nani amezitunga?"

"Haohao wanaotunga mtihani."

Nilicheka kile kicheko cha mwalimu ambacho watoto hukichukia. Inabidi mnielewe. Kwetu, karatasi za mtihani wa taifa husafiri na askari mwenye bunduki, zikiwa ndani ya kontena yenye kufuli mbili na funguo zake zimeshikwa na watu wawili. Mtu yeyote akikujia na karatasi akisema imetoka kwa watungaji wenyewe, huyo ni mwizi au ni tapeli, na mara nyingi ni vyote viwili. Mwaka mmoja mwalimu mkuu wa shule jirani aliletewa bahasha na bwana mmoja wa pikipiki. Wale watoto walikaririshwa majibu yote hamsini. Siku ya mtihani, karatasi ikaja tofauti kabisa, hakuna swali hata moja lililofanana. Mwalimu mkuu alipoteza kazi, na hilo halikunisumbua. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba watoto wale waliandika majibu yaleyale waliyokariri, A, C, C, B, juu ya maswali mengine kabisa, kwa sababu mwalimu alikuwa amewaambia hivyo. Mmoja wao alikuwa mpwa wangu.

Basi nilipoona "kutoka kwa watungaji wenyewe, bure," nilimwona yule bwana wa pikipiki akiegesha nje.

"Hakuna mtu anayetunga mtihani halafu akaugawa," nikamwambia. "Hizo usiziguse."

"Baba, hii si leakage. Ni website yao."

"Mama, wacha nikuambie. Mimi nimekaa kwenye mambo ya mitihani kabla hujazaliwa. Usiziguse."

Hakubishana. Tulimlea asibishane na wakubwa, na kanisani tulikuwa tukipongezwa kwa hilo.

Niliwageukia wale wauzaji watatu, nikasoma maoni ya wateja kama nilivyozoea kusoma ripoti za wakaguzi. Wawili wa kwanza walisifiwa: maswali mazuri, maelezo yanaeleweka. Wa tatu alilalamikiwa sana. "Ngumu kupita kiasi." "Haifanani na mtihani wenyewe." Mmoja aliandika kwamba alilia. Hapo moyo wangu ukatulia, nikalipia mitihani ya huyo wa tatu.

Kwetu kulikuwa na kitu kinaitwa mock. Ni mtihani wa kujipima unaofanywa kama miezi mitatu kabla ya ule wa taifa, na walimu wanaoutunga huutunga kwa roho mbaya, makusudi. Mtoto akipata alama hamsini kwenye mock, mzazi anachinja kuku. Kazi yake ni kukutisha ili ule wa kweli ukija uuone mwepesi. Nimetunga mock zangu kadhaa, na sitadanganya, nilifurahia kuzitunga. Kwa hiyo mteja aliyesema amelia, kwangu alikuwa amesifu bidhaa.

Ilikuwa mitihani kumi, na ilikuja na toleo la kuchapisha. Binti yangu alinikumbusha kwamba mtihani wenyewe ni wa kompyuta. Nikamwambia mtihani ni karatasi, kompyuta ni mapambo. Nikaenda maktaba, nikachapisha yote kumi, nikabana pini.

Likizo ilipoanza, kila Jumatano na Jumamosi asubuhi, kabla sijaenda zamu ya mchana, meza yetu ya chakula iligeuka chumba cha mtihani. Niliondoa kitambaa cha meza. Niliweka saa ya ukutani mahali anapoiona. Nikawa natembea nyuma yake na soksi, taratibu, kama msimamizi. Ndege zilipopita juu ya paa, kila dakika chache, nilimwambia kelele ni sehemu ya maandalizi. Mama yake, ambaye ni nesi na siku za mapumziko hupenda kunywa chai yake kwa amani, alichungulia siku ya kwanza nikamwinulia mkono.

"Hakuna kuingia, watahiniwa wameanza."

"Mwalimu, hapa ni jikoni kwangu," akasema. Ananiita Mwalimu akitaka kunichokoza.

Mtihani wa kwanza alipata hamsini na mbili kwa mia. Wa pili, arobaini na saba. Wa tatu, arobaini na tano. Nilisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kama nilivyoandika maisha yangu yote: Jitahidi. Umakini! Unakwenda pole mno. Nilikuwa na furaha, nakiri. Kule ghalani hakuna anayeniuliza neno, kazi yangu ni kubandika. Pale mezani, na kalamu ile mkononi, nilikuwa mtu niliyemfahamu. Sikuona kwamba binti yangu alikuwa ameacha kula kifungua kinywa siku za mtihani.

Wa tano alipata thelathini na nne. Sehemu ya kwanza peke yake aliacha maswali kumi na moja bila kuyagusa, meupe. Na kwetu swali jeupe ni tusi kwa mwalimu, afadhali ubahatishe. Nilikuwa nachelewa basi la kazini, hasira zikanipanda, mkono ukaandika wenyewe juu ya karatasi kwa herufi kubwa: BURE KABISA!

Kila aliyesoma Kenya anayajua maneno hayo: hufai kitu. Mwalimu huyasema kwa mtoto aliyesahau daftari, kwa darasa zima lililoshindwa kugawanya desimali, kwa kipa aliyefungwa bao la kizembe. Nimeyaandika mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Watoto wa kwetu walikuwa wakichekana nayo njiani kurudi nyumbani, "wewe ni bure kabisa," "wewe ndiye bure kabisa," kesho yake wanarudi. Niliiacha karatasi mezani nikakimbilia basi.

Mitihani mitano iliyobaki aliifanya kimya. Alama zilikuwa thelathini na kitu, moja baada ya nyingine. Nilidhani amekuwa makini.

Ijumaa moja mwezi wa tisa, siku nne kabla ya mtihani wa kweli, niliamka nikamkuta mke wangu amekaa mezani na kitambaa chake kimerudishwa. Binti yetu alikuwa shuleni.

"Mwalimu, kaa chini."

Nikakaa.

"Mtoto anataka ku-cancel booking ya exam. Amenionyesha kwenye simu. Anaweza kufuta mpaka Jumatatu saa sita mchana. Anasema ataomba kozi nyingine, haya mambo ya udaktari hayawezi."

"Hayawezi? Nani amemwambia hayawezi?"

Mke wangu akaisukuma kalamu yangu nyekundu mbele yangu.

"Na mbona hajaniambia mimi?" nikapandisha sauti.

"Wewe huambiwi. Wewe unasahihisha."

Nilitaka kusimama, akaweka mkono juu ya mkono wangu. Akaniambia kwamba mwezi uliopita, siku niliyokimbilia basi, alirudi kutoka hospitali akamkuta mtoto na ile karatasi, amefurahi. Amefurahi! Akamwuliza mama yake, "Mum, Baba ameandika 'totally free.' Free from what?"

Neno bure alilijua. Alikuwa amelisikia kanisani tangu akiwa mdogo, tukigawa nguo na chakula baada ya ibada: chukueni, ni bure. Kwake bure ni kitu unachopewa kwa moyo mweupe. Akaona alama thelathini na nne, akaona maneno hayo makubwa, akadhani baba yake, kwa mara ya kwanza, anamwambia yuko huru, asiogope, hadaiwi kitu na mtu.

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Nikamwambia ni utani wa walimu. Lakini alishaona uso wangu. Akachukua simu akatafuta mwenyewe. Ikamletea 'worthless.' Akaisoma kwa sauti. Halafu akaikunja karatasi vizuri, akaiweka kwenye begi lake la shule."

Niliona aibu. Siku nilipofika nchi hii nikaambiwa vyeti vyangu vya ualimu havinifikishi mbele ya darasa niliona aibu pia, lakini ile ilikuwa ya mtu aliyeonewa. Hii nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, kwa kalamu yangu, kwa mwandiko wangu mzuri. Nilisema nitamfuata shuleni saa hiyohiyo.

"Usiende," mke wangu akasema. "Ukienda hivi, utaenda kumfundisha. Mwache leo. Na kabla ya kumwambia chochote, kafanye wewe hiyo mitihani yako, uone."

Nilikwenda zamu nikabandika lebo zangu, nyingine juu chini. Lakini maneno ya mke wangu yalinikaa. Jumamosi maktaba ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni. Tatizo lilikuwa moja: ile mitihani kumi nilikuwa nimeisahihisha, majibu yake nilikuwa nayajua. Mitihani pekee ambayo sijawahi kuiona ni ile minne niliyoikataza.

Nikaufungua wa kwanza. Nilijiambia natafuta alama za vidole vya yule bwana wa pikipiki.

Sikuziona. Niliona mtihani safi, uliotungwa na mtu anayejua kazi yake, na mwalimu humtambua mwalimu. Vifungu vilikuwa vifupi kuliko vile nilivyochapisha. Swali liliuliza kitu kimoja badala ya vitatu vilivyofichwa ndani ya kimoja. Kulikuwa na kikokotoo palepale kwenye kioo, na kitufe cha kuliwekea swali alama ili ulirudie, vitu ambavyo karatasi zangu hazikuwa navyo. Ugumu ulikuwa kwenye saa tu. Ile saa ilinikimbiza! Sehemu ya kwanza niliacha maswali saba meupe, mimi, niliyeandika yale niliyoyaandika. Kwenye hesabu nilifurahi hata nikajisahau nikasema "ndiyo!" kwa sauti, mama mmoja akageuka. Kwenye sehemu ya mwisho nilianguka vibaya. Swali moja lilisema daktari mkubwa anataka kumgusa mgonjwa bila kunawa mikono, wewe mwanafunzi unamwona, je, inafaa kumwambia? Nikajibu haifai hata kidogo. Mtu mzima humkosoi mbele ya watu. Mashine ikanipa sifuri.

Hata hivyo, nilipojumlisha, nilikuwa nimepata sitini na moja kwa mia. Mtu wa miaka hamsini na tatu, mwenye miwani ya kuazima kwa mkewe, ambaye hajafanya mtihani tangu chuo cha ualimu. Nilimpita binti yangu kwa alama tisa, na hizo ni zile za siku yake bora mezani kwangu. Na mimi kichwa cha kumpita binti yangu sina, nimelijua hilo tangu ana miaka tisa. Nilirudi nikasoma tena yale malalamiko ya wateja wa muuzaji wa tatu. "Haifanani na mtihani wenyewe." Watu walikuwa wakinionya kwa lugha nyepesi kabisa, na mimi nikaisoma kuwa ni sifa. Binti yangu naye alinionya mwezi wa saba, akiwa amekaa ubavuni kwangu.

Nikachapisha matokeo yangu pamoja na maswali yote niliyokosa, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nilibisha mlango wa chumba chake. Sikumbuki kama niliwahi kuubisha kabla ya siku hiyo. Alikuwa amekaa kitandani, simu mkononi.

"Pole, mama," nikasema.

Nikalisikia neno lenyewe likitoka na nikajua silo. Pole unamwambia mtu aliyejikwaa. Unamwambia mtu ambaye mvua imemkuta. Ukisema pole, wewe hukuwepo. Baba yangu alitupa pole nyingi, na sikumbuki akisema lile neno jingine kwa mtu yeyote aliyekuwa mfupi kuliko yeye.

"Nisamehe," nikasema. "Nilikosea. Nilikuandikia neno baya, na si kweli. Tena zile za watungaji ulikuwa unazijua, na mimi nikakukataza."

"Sawa tu, Baba," akasema, kwa ile sauti anayowapa watu wanaomgonga bahati mbaya kwenye basi. Hakuinua macho. "Lakini nafuta. Si kwa sababu ya neno. Ni kwa sababu ya alama. Thelathini na nne ni thelathini na nne."

"Ile mitihani ilikuwa mibaya."

"Unasema hivyo sasa kwa sababu unanionea huruma."

Mtu ambaye miezi miwili amekuambia kwa wino mwekundu kwamba hujui, kesho akija kukuambia unajua, utamwamini kwa lipi? Nilisimama pale na karatasi zangu. Na sasa nitasema ukweli ulivyo: nilichofanya baadaye hakikuwa ujanja wa mwalimu. Kulikuwa na swali moja la mantiki lililokuwa limeniudhi njia nzima kutoka maktaba.

"Nimefanya ule wa bure," nikasema. "Nimekosa mengi. Hili la kumi na mbili silielewi mpaka sasa. Kwa nini jibu si B?"

Alichukua karatasi, nadhani ili nisiendelee kusimama tu. Akaitazama kama sekunde tano.

"Kwa sababu wamesema baadhi ya manesi, Baba. Hawajasema wote. Wewe umesoma wote."

Nikaangalia. Ilikuwa baadhi.

"Na hili?"

Akaeleza. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Akaeleza la tatu na la nne, kidole chake kikienda mbele ya macho yangu, na nilipochelewa alirudia polepole bila kunidharau. Tulipofika kwa yule daktari asiyenawa mikono nikajitetea kidogo.

"Lakini huyo ni mkubwa wake. Mbele ya watu?"

"Atakayeumia ni mgonjwa, Baba, si daktari. Na humwaibishi. Unamwambia, samahani, kabla hatujaanza tunawe mikono. Unasema tunawe, wote. Mama anafanya hivyo kila siku kazini."

Sikuwa nalijua hilo kuhusu mama yake. Alikuwa anakwenda kasi sasa, bila kalamu, akiniambia kwanza nilikosea wapi na kisha nilikuwa nafikiri nini nilipokosea, na kila mara alikuwa amepatia. Miezi miwili nimemsahihisha mtoto huyu, sikuwahi kukaa nimsikilize akieleza hata swali moja. Katikati ya swali la kumi na tano au kumi na sita akaiacha sentensi haijaisha. Akarudisha kurasa nyuma, akatazama ya kwanza juu kabisa.

"Hii ndiyo ile yao? Ya kweli?"

"Ndiyo yenyewe."

"Hizi nazijua," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na hotuba nzima, yenye utangulizi.

"Usiseme kitu, Baba."

Nikaufunga. Akaitupa simu kitandani, akaenda mezani kwake, akafungua kompyuta, akautafuta wa pili kati ya ile minne. Nami kwa mazoea nikavuta kiti, nikakiweka nyuma yake, nikatazama saa yangu ya mkono.

"Baba."

"Naam."

"Toka."

Katika nyumba niliyolelewa, mtoto kumwambia baba neno hilo kungeitisha kikao cha wajomba. Alilisema bila kugeuka, mkono uko kwenye kipanya.

"Na Jumanne?" nikauliza nikiwa mlangoni.

"Jumanne naenda. Toka, nataka kuanzisha saa."

Nikatoka, nikaufunga mlango taratibu. Mama yake alikuwa amesimama kwenye korido, taulo la vyombo limebanwa kifuani kwa mikono miwili.

"Amesemaje?" akaninong'oneza.

"Amenifukuza," nikamwambia, na kwa jinsi nilivyolisema ungedhani nimepata kazi.